DX ya Guka Haitaki Rimu 17

Wiki jana niliposti picha ya DX ikiwa imesimama Runyenjes, imeoshwa hadi ndani ya madigadi, iko na rimu mpya. Inchi 14. Sikuandika maelezo, picha tu. Komenti ya kwanza: "Buda, hizo ni rimu ama ni vifuniko vya sufuria?" Ya pili: "Gari ya misuli imevaa viatu vya nasari." Alafu msee mmoja wa Meru, pale Makutano, mtu namheshimu kwa mambo ya magari, akaandika maneno manne: "Weka 17 ama uza." Hiyo ndiyo ilipendwa kushinda picha yenyewe.

Nimekaa na hiyo komenti siku tano. Kawaida ningejibu na video, lakini kwa video mtaangalia gari na muache maneno. Kwa hivyo leo someni.

Msimamo wangu ni huu: rimu ya 17 kwa DX, kwa Datsun 1200, kwa Peugeot 504, kwa gari lolote la enzi hiyo, ni makosa. Si mambo ya ladha. Ni makosa ya hesabu, na sisi wenye akaunti tunajua, na wengi wetu tunalipwa tusiseme.

Najua mtakachosema. "Huyu aliacha kampasi mwaka wa pili, atatufunza hesabu gani?" Ni kweli niliacha. Lakini hesabu ya rimu ni ya darasa la saba, na Guka wangu alikuwa mwalimu wa darasa la saba.

Tuanze na hiyo picha mko nayo kichwani, gari ya misuli. Wengi wetu tuliitoa kwa ile filamu ya 2001, Dodge Charger nyeusi ya 1970 inayoinua pua. Tangu hapo kila mtu akiona gari ya zamani ya kusukumwa nyuma anataka iwe Charger. Sina shida na hiyo ndoto, hata mimi niko nayo. Lakini nenda usome magari yenyewe yalitoka kiwandani vipi. Pontiac GTO ya 1964, ile Wamarekani wengi wanahesabu kama mama wa ukoo mzima, ilivaa inchi 14. Ford Mustang za kwanza zilivaa 13 au 14, kulingana na injini. Injini kubwa za silinda nane, juu ya 14! Hizo 18 mnaona kwa Mustang za kale siku hizi ziliwekwa miaka mingi baadaye, na watu ambao pia walibadilisha breki, springi, na mara nyingine wakakata bodi. Unaiga kiatu na hujaiga mguu.

Na kuna kitu kingine hamkujua, mtashangaa kidogo. Matundu ya boliti ya Mustang yako kwenye duara la inchi nne na nusu. Zidisha nne na nusu kwa 25.4 upate milimita. Inatoka 114.3. Sasa pima DX: boliti nne, kwenye duara la 114.3. Datsun 1200, ni hiyo hiyo. Ile namba ya ajabu mnayoisikia kwa maduka ya rimu, "moja kumi na nne nukta tatu", ni inchi za Wamarekani zilizovaa nguo za Mjapani. Kwa hivyo wewe mwenye DX huko Chuka, uko na undugu na Mustang tayari, na uko nao kwenye habu, mahali hakuna mtu anaona.

DX yenyewe, kwa wale wadogo: ni Corolla ya kizazi cha E70, ilianza kutoka 1979. Ndiyo Corolla ya mwisho ya sedani kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa sababu ile iliyofuata 1983 ilihamia mbele. Yetu iko na injini ya 4K, sisi 1,290. Ndogo kuliko ya Probox. Namba yake ni ya herufi tatu za zamani, kabla hata KAA haijaanza 1989. Na huwezi kuagiza nyingine, kwa sababu magari ya mtumba yakizidi miaka 8 hayaingii nchini. Zilizoko ndizo ziko. Kila moja ikipinduka au ikikatwa bodi, zimepungua moja.

Guka alifika nayo shule kila siku hadi akastaafu. Alipofariki ikawekwa chini ya mti wa macadamia, ikakaa. Mimi nikiacha kampasi nilirudi nyumbani bila kitu cha kufanya, nikaanza kuifufua, na kuirekodi. Hiyo ndiyo kontenti iliyonifanya mnijue. Betri, kabureta, waya za breki, vitu vidogo vidogo. Watu walipenda.

Alafu nikaharibu.

Muuzaji mmoja wa rimu alinitafuta, akanipa seti ya inchi 17 kwa bei ya nusu nikimfanyia video. Nusu iliyobaki niliomba mathe kwa pesa ya macadamia. Rimu zilikuwa safi, usinielewe vibaya. Nyeusi, ukingo unang'aa, na zilikuwa na matundu manane. Manane ni kwa sababu ni rimu ya kuvalia magari mawili tofauti: manne ya PCD ya 100, hiyo ni Vitz, Probox na Corolla za mbele, na manne ya 114.3. Muuzaji anaita "inaingia kwa kila gari". Hayo maneno ukiyasikia dukani, ondoka.

Video ilivuma. Ni video yangu kubwa kuwahi. Watu wa Embu wakaanza kunisimamisha barabarani, vijana wa pale Majengo wakipiga picha na gari. Kwa miezi miwili nilikuwa mtu.

Kile sikuwaonyesha kwa video ni hiki. Rimu hizo zilitengenezewa magari ya kuvutwa mbele, kwa hivyo offseti yake ilikuwa 40. Offseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale rimu inagusa habu. Magari ya kisasa ya kuvutwa mbele yako 35 hadi 45 hivi, rimu inaingia ndani sana. Gari la zamani la kusukumwa nyuma linataka namba ndogo, karibu na sufuri. Ukiweka 40 kwa DX, tairi inaenda kukumbatia shokapu kwa ndani. Na ilikumbatia. Fundi akasema hakuna shida, tutaweka spesa. Akaweka kipande cha milimita 10 nyuma ya kila rimu, ikasogea nje, tukapiga picha.

Sasa fikirieni. Boliti haikurefuka. Ni ile ile ya 1980 na kitu. Ukiweka kipande cha milimita 10 katikati, nati inapoteza milimita 10 za kushika. Kanuni ambayo kila fundi mzuri atakuambia ni kwamba nati ishike angalau kina sawa na unene wa boliti. Boliti ya Toyota ni milimita 12, na uzi wake unasonga milimita moja na nusu kwa kila mzunguko. Kwa hivyo nati ikae mizunguko minane. Yangu ilikuwa inakaa mizunguko minne. Nilihesabu mwenyewe siku tunafunga, moja, mbili, tatu, nne, ikakaza. Nilihesabu na nikanyamaza, kwa sababu muuzaji alikuwa amesimama hapo akirekodi.

Shida ya pili, tundu la katikati. Habu ya gari ina kichwa cha duara, na rimu ya kiwandani inakaa juu yake kama kofia, ikibana. Kazi ya pale ni kuiweka rimu katikati kabisa, alafu boliti na nati zinaibana kwa habu. Rimu hizi za dukani hutobolewa katikati kubwa, mara nyingi milimita 73.1, ndio ziweze kuingia kwa magari mengi. Habu ya DX ni ndogo sana kuliko hapo. Kuna pete za plastiki au alumini za kuziba hiyo nafasi, hazina bei ya maana. Hatukuweka. Kwa hivyo rimu ilikuwa inategemea boliti nne peke yake kukaa katikati, kila moja na mizunguko minne.

Ikifika kilomita 80 kwa saa usukani ulikuwa unatetemeka. Nikasema ni balansi. Nikaongeza sauti ya redio. Ndio, nilifanya hivyo.

Mwezi wa nane tulikuwa tunaenda ruracio Nkubu. Kwenye gari: mimi, binamu yangu, shosho mbele na kikapu cha ndizi kwa miguu. Tumetoka Embu vizuri, Runyenjes tumepita, tunaanza kuteremka kwa mto Thuci, hapo penye barabara inajikunja. Mnajua hiyo barabara. Upande mmoja ukingo, upande mwingine bonde, na lori la ndizi linapanda likiwa katikati. Shosho akaniambia, "Simamisha gari. Kuna kitu kinalia."

Nikamwambia ni tairi tu, shosho, ni mpya hazijazoea barabara.

Akasema, "Mimi nimekaa kwa hii gari kabla mamako hajaolewa. Simamisha."

Nikasimamisha. Gurudumu la nyuma kushoto: boliti mbili zimekatika kabisa, vichwa haviko. Ya tatu nati imelegea unaizungusha na vidole. Ya nne ndiyo ilikuwa inatubeba. Boliti moja, watu watatu na ndizi, kwa mteremko wa Thuci, na Nithi bado iko mbele.

Sitaki kutumia Nithi kama mapambo ya hadithi. Julai 2022 basi lilitoka kwa hilo daraja likaingia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Hiyo haikuwa mambo ya rimu, na sisemi ilikuwa. Ninasema tu kila mtu wa Embu na Meru akifika pale ananyamaza kidogo, na siku hiyo mimi nilikuwa nimekaa kwa nyasi kando ya barabara, wili spana mkononi, nikihesabu ni kilomita ngapi zilikuwa zimebaki nifike hapo na boliti moja. Shosho hakunigombeza. Alikaa kwa jiwe akamenya ndizi. Binamu yangu ndiye alinitukana, kwa Kiembu, polepole, bila kupumua.

Video niliifuta usiku huo. Muuzaji akaniambia nimevunja makubaliano. Sawa, nimevunja.

Sasa turudi kwa hesabu, kwa sababu wengine wenu mnasema "basi wewe ulifunga vibaya, lakini 17 yenyewe haina shida". Nakubali nusu. PCD sawa, offseti sawa, pete ya katikati, nati zake, boliti ndefu za kupachikwa upya, hapo gurudumu halitatoka. Lakini bado.

DX ilitoka kiwandani na 155R13. Ukitafuta kimo cha tairi nzima unachukua rimu, 13 mara 25.4, ni 330. Alafu unaongeza ukuta wa tairi mara mbili. 155 asilimia 80 ni 124, mara mbili ni 248. Jumla milimita 578. Hiyo 578 ndiyo gia, spidi na breki za gari lako zinaijua. Chochote utakachovaa, kaa karibu na 578.

Tairi ya 185/60R14: rimu 355.6, kuta mbili za 111, jumla 577.6. Angalia hiyo! Tofauti haifiki hata milimita moja. Gari halijui kama umebadilisha chochote, ila limekanyaga chini na upana zaidi. 195/50R15 inatoka 576. Pia iko sawa, na nikiwa na pesa labda siku moja nitajaribu 15. Sitawadanganya kwamba 15 ni dhambi.

Sasa njoo 17. Wengi wenu mnavaa 215/45, kwa sababu ndizo ziko kwa mtumba kutoka kwa magari makubwa. Inatoka 625. Umepita kwa asilimia 8. Maana yake kipima spidi kikisema 100, wewe uko 108, na wewe hujui. Na pia kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 8. Gari la sisi 1,290 linalopanda kutoka Thuci kwenda Chuka likiwa limejaa, umelinyima asilimia 8 ya nguvu ya kuvuta. Alafu mnakuja kuniuliza kwa ujumbe mbona DX imekuwa nzito kwa milima, ni kabureta? Si kabureta bana. Ni urembo.

Ukisema utavaa 205/40R17 ndio upunguze kimo, sawa, unapata 596, umepita kwa asilimia 3 tu. Lakini sasa ukuta wa tairi umebaki milimita 82 kutoka 124. Ukuta wa tairi ndio mto wa gari. Hesabu matuta kutoka Embu hadi Meru. Mimi nilianza kuhesabu siku moja nikaacha kabla ya Chuka. Kila tuta, kila shimo, kile ambacho tairi ilikuwa inameza sasa kinaenda kwa rimu, kutoka kwa rimu kwa beringi, kwa bolijointi, kwa shokapu za gari lenye umri wa kuwa baba yako.

Na mbona magari mapya huvaa 17 na 18? Kwa sababu breki zao zimekua. Diski kubwa zinahitaji nafasi ndani ya rimu. DX iko na diski ndogo mbele na ngoma nyuma. Ukiweka 17 unaona kile kingoma kidogo katikati ya shimo kubwa, kama kijana wa kwaya amevaa suti ya babake. Hata urembo wenyewe haupo hapo, mkiangalia vizuri.

Mkitaka ushahidi wa watu ambao maisha yao yako juu ya tairi, simameni barabarani mkiona magari ya miraa yakitoka Maua. Sijawahi kuona Hilux au Probox ya miraa na lo-profaili. Hao watu wanakimbia kuliko nyinyi nyote, kila siku, na mzigo hadi dirishani, na pesa ya watu wengi inategemea mzigo ufike ukiwa mbichi. Wanavaa tairi ndogo yenye ukuta mrefu, ile ya mizigo. Sisifu uendeshaji wao, tafadhali, wameshawahi kunitoa barabarani mara mbili. Lakini kwa tairi hawana mzaha.

Na Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun. Peugeot 504 ilishinda 1975 na tena 1978. Tafuta hizo picha uangalie magurudumu: rimu ndogo, tairi imevimba kama mandazi. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na Subaru Vivio, gari la sisi 660, kitu kidogo unaweza kukiegesha jikoni. Vigurudumu kama vya toroli, na kikamaliza, mahali magari ya maana yalibaki porini. Hiyo ndiyo historia yetu ya magari. Si Los Angeles. Vumbi la hapa.

Kuna kundi lingine pia nataka kuwagusa, wale wazee wa "orijino". Mkiona rimu ya aloi kwa DX mnalia kama mmefiwa. Mnataka chuma ya 13 na kofia yake hadi kiama. Wazee wangu, kwa heshima, Guka mwenyewe angekuwa na pesa angeweka aloi. Alikuwa na picha ya Lancer ya Joginder Singh kwa ukuta wa sebule. Kupendeza si kosa. Mimi pia napenda rimu, nalala nikiangalia rimu kwa simu. Nasema tu kipimo kitoke kwa gari, si kwa komenti.

"Lakini ni gari langu, pesa yangu." Hii ndiyo huwa inanichoma. Gurudumu la kilo kumi na tano likitoka kwa gari lako kwa kilomita 80, halibaki kuwa lako. Linaenda kwa mama anayeuza ndizi pale kando. Linaenda kwa watoto wanaotoka shule Igoji wakitembea ukingoni kwa sababu hakuna njia ya miguu. Hao hawakupiga kura kwa komenti zako.

Na kwa wenzangu wenye akaunti, hasa nyinyi wawili mmenitumia ujumbe mkisema "usiharibie watu biashara". Tunajua jinsi inavyofanya kazi. Rimu ya bure, video, msimbo wa punguzo, kijana wa miaka 19 wa Gakoromone anakopa anunue, anafungiwa na fundi hajui PCD ni nini. Hakuna anayerudi kuonyesha boliti baada ya miezi miwili. Mimi nilikuwa hivyo. Sina usafi wowote wa kuwashinda, ila niliona boliti zimekatika nikiwa na shosho wangu. Nyinyi bado hamjaona, ndio maana mnaongea.

Kwa wale mnauliza nilichofunga sasa: inchi 14, upana 6, offseti 10, PCD ya 114.3 peke yake, matundu manne tu. Tairi 185/60. Boliti zote kumi na sita mpya. Nati ni za Toyota, na hapa sikilizeni, kwa sababu watu wengi huumia hapa: uzi wa Toyota ni 1.5, wa Nissan na Subaru ni 1.25, na boliti zote mbili zina unene wa 12. Nati ya Subaru itaanza kuingia kwa boliti ya Toyota, itashika kidogo, fundi ataisukuma na nguvu, na hapo ameshaua uzi. Mwenye Datsun, kwako ni 1.25. Usiazimane nati na jirani. Pia angalia nati inakaaje kwa rimu. Kama tundu limechongwa kama faneli, nati iwe ya kichwa cha faneli. Kama ni bapa, iwe bapa na washa yake. Na mkishafunga, msifikirie mmemaliza: endesha kilomita 50 hadi 100 ukaze tena. Rimu mpya hukaa, nati hulegea.

Kupima PCD ya boliti nne hauhitaji mtu. Rula ya shule. Pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya ile inayoitazama. Kama ni 100, ni 100. Kama ni 114 na kitu kidogo, unajua sasa hicho kitu kidogo kilitoka wapi.

Na tairi za mtumba zinazokuja na rimu kutoka Japani, soma namba nne za mwisho kwa ubavu. 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Zile nilizouziwa za 17 zilikuwa na umri wa kumaliza shule ya msingi. Ziling'aa kwa sababu zilipakwa dawa.

Msee wa Makutano, wewe wa "weka 17 ama uza". Najua gari lako. Ni 504 nyeupe, safi sana, na najua umevaa 17 na spesa kwa sababu niliona kwa video yako ya Krismasi, sekunde ya 40, ukigeuza. Sikuja kukuaibisha, ndio maana sijataja jina. Jumamosi nakuja Meru, nampeleka shosho kwa dadake Nkubu na tutafika hadi kwako. Nitakuja na jeki na rula. Tutoe gurudumu moja tu la nyuma, tuhesabu mizunguko ya nati pamoja. Ikifika minane, narudisha 17 kwa DX na naweka video tena.

Shosho amesema atakaa nyuma safari hii, ndio asikie vizuri.